Plage ya Papa na Couveuse ya Nathanaël

Bukavu, tarehe 12 Februari 2023

Yolande, mutoto wangu mupenzi,

Asinge, nakusalimu. Natumaini barua hii inakukuta na afya huko Lubumbashi, wewe na bwana yako Placide, na kale kasichana kenu Olive. Je, meno yake imetoka? Sisi hapa tunashukuru Mungu. Mama yako anakohoa kidogo juu ya kukaa siku nzima ku baridi ya soko ya Nyawera, lakini ukimuambia apumuzike anakujibu sawa vile umemutukana. Mimi niko na nguvu. Macho usiulize, ile hadithi tulishaifunga.

Sasa sikia habari. Préfet Bulonza, mukubwa wa shule yangu ya zamani, alikuja hapa ku nyumba, yeye mwenyewe. Alikaa, alikunywa chai, alizungukazunguka na maneno ya mvua na ya barabara, na mwisho akasema: "Muzee Zagabe, kijana mwenye tulimupa somo ya histoire ametuacha, amepata kazi ku ONG ya misaada. Wanafunzi wanakaa bure. Wewe unaweza?"

Nilimuuliza kama alikuwa anauliza juu ya histoire ao juu ya macho.

Alicheka kidogo. "Juu ya yote mbili," akasema.

Tumepatana: darasa moja tu, la tano ya humanités, wale wakubwa, mpaka mwisho wa mwaka. Kisha yeye ataona.

Juzi nilianza. Mama yako alinifikisha ku mulango, halafu niliingia peke yangu na fimbo. Niliweka ordinateur, ile kompyuta yetu, juu ya meza, na mbele yake nikaweka ile plage ya breli uliniletea, kibao changu cha kusomea na vidole, mukono wa kushoto juu ya tusindano twake. Somo lote lilikuwa pale chini ya vidole. Mustari ukiisha ninabonyeza, tusindano tunainuka upya na maneno mengine, na mimi ninaendelea kusema bila kuinamisha kichwa. Mwanzoni walinong'ona. Kisha walinyamaza. Yolande, miaka mine nilikuwa sijasikia kile kimya. Wewe hujui kimya cha darasa lenye kusikiliza, juu hujafundisha. Kiko na uzito.

Wakati wa kurudi nilifikiri juu ya ile miaka mbili nililala ku kitanda nikikuambia kwamba sitaanza kujifunza kusoma ku uzee sawa mutoto mudogo wa maternelle. Wewe ulimutafuta tu ule mutawa, Sœur Georgette, aje kunifundisha. Basi, aksanti. Nilipaswa kuiandika siku moja.

Ya mwisho ni ya mudogo wako. Nathanaël ameacha faculté ya droit, ile ya sheria, kabisa, sasa ni kuku tu. Kuku ziko kijijini, kule Miti, lakini couveuse, ile sanduku ya kutotoleshea mayai, ameiweka mu chumba chako, juu huku courant ya umeme iko afadhali. Amepata kacarte kadogo ka électronique kenye kataongoza joto mu sanduku. Anapaswa kukaandikia programu kupitia ordinateur yangu, na ordinateur inakataa kukaona. Anachomeka, anachomoa, anagomba peke yake. Mimi namuachia mashini kila mangaribi, lakini moyo wangu unasema: mwalimu Zagabe alisomesha mutoto miaka hii yote ili aje kukalia mayai. Umusaidie, angalau nyumba itulie.

Nakukumbatia.
Papa yako

*

Lubumbashi, 19/2/2023

Papa yangu,

Nakusalimu na heshima na furaha mingi. Natumaini wewe na Maman muko salama na kikohozi kimeenda. Sisi tuko muzuri. Olive ameota meno mbili za chini na anamung'ata Placide ku kidevu.

Barua yako niliisomea Placide mu jikoni, mara mbili. Mara ya pili nilishindwa kuimaliza, yeye akaimaliza. Papa, umerudi ku darasa! Sitaongeza neno hapo, nitalia tena.

Sasa ya Nathanaël. Umuambie dada yake anasema aanze na vitu vidogo. Kwanza waya. Waya nyingi za simu zinapitisha courant tu, hazipitishe maneno. Taa ya carte inawaka na mutu anafikiri yote iko muzuri. Atafute waya ingine. Pili tundu. Mu ordinateur kuna kachipu kenye kanaongoza matundu yote ya USB; kakichoka, matundu inalala. Achomeke souris, ile panya ya mashini, mu tundu ile ile: ikitembea, tundu iko hai. Tatu, hii Linux niliwawekea kuendesha mashini haifiche kitu. Akiandika lsusb, mashini itamutajia kila chombo chenye inaona, na namba yake. Akiandika dmesg, itamuambia yenye imetokea tangu amechomeka. Asinitumie "haifanye". Anitumie maneno yenye mashini imeandika.

Na Papa, usimukazie sana. Kutotolesha mayai na carte ya électronique si kukalia mayai. Mimi pale ku kazi nina vijana wenye diploma wenye hawajui kutofautisha waya mbili.

Mutoto wako,
Yolande

*

Bukavu, tarehe 26 Februari 2023

Yolande wangu,

Salamu. Sisi wazima, na kikohozi cha mama yako kimepungua.

Nathanaël amefanya yenye ulisema. Souris inatembea. Waya amebadilisha mara mbili. Anasema lsusb inaitaja carte na namba yake, lakini ile dmesg inaonyesha maajabu: carte inapokelewa, na mara moja inafukuzwa, sawa mutu mwenye anaonyeshwa kiti na kunyang'anywa. Nilimuambia akutumie maneno yote. Amekataa. "Dada ananifanya mutoto," anasema. "Batu ku internet beko na tatizo hii hii. Nitapata mwenyewe."

Mimi naendelea muzuri. Jana kijana mumoja alinyoosha mukono darasani ili kuuliza, akakumbuka kwamba sioni, akabaki hivyo. Mwenzake akasema: "Mwalimu, kuna mukono." Sasa njo desturi yetu. "Mwalimu, kuna mukono." Nimeipenda.

Umubusu Olive.
Papa yako

*

Lubumbashi, 26/3/2023

Papa yangu mupenzi,

Muko aje? Nakuomba radhi kwanza. Olive aligonjwa malaria, tukalala naye ku hôpital siku kadhaa. Sasa amepona, anakula, anapiga kelele. Lakini nilichelewa kukujibu, na nilipokuandikia mara ya kwanza na ya pili hukujibu.

Nilipiga simu Alhamisi saa tisa ya muchana. Maman aliniambia: "Papa yako analala." Papa, wewe saa tisa ya muchana hulali. Jumamosi nilikupata, ukaniambia "tuko muzuri, tuko muzuri" na ukamupa Maman simu. Ndiyo maana tulipatana tuandikiane, juu kwa simu wewe unakuwa muzuri kila siku.

Niandikie. Kama ni juu yangu, niambie. Kama ni ugonjwa, niambie pia.

Mutoto wako,
Yolande

*

(Barua ya mukono, picha imetumwa na simu ya Maman Nsimire, mama ya Yolande)

Bukavu, tarehe 2 Aprili

Yolande,

Usamehe mwandiko. Mama yako ananiambia mistari inapandana. Nimeweka rula chini ya mukono lakini inateleza.

Sikugonjwa, na si wewe. Ni plage. Imekufa. Jumatatu moja mu mwezi wa tatu niliwasha ordinateur mbele ya wanafunzi, niliweka vidole, na tusindano hatukuinuka. Ilikuwa sawa kushika meza. Nilizima, niliwasha, nilichomoa waya, niliirudisha. Wao walikuwa wanangoja. Ile siku niliwafundisha kwa kichwa. Somo lililofuata pia, lakini nilichanganya miaka, nikaweka vita moja mbele ya ingine, na msichana mumoja akanisahihisha na adabu mingi. Adabu yake iliniumiza kuliko kucheka. Nilienda kwa préfet nikamuambia atafute mutu mwingine. Alisema atafikiri. Sijarudi tangu pale.

Utaniambia nitumie ile sauti yenye inasoma. Nilijaribu. Inasoma Kiswahili sawa mupadri mugeni wa juma ya kwanza, na mu darasa mutu hawezi kusikiliza mashini na kusema wakati moja.

Nilimuuliza Nathanaël kama aligusa kitu. Alisema hapana, yeye alifanya tu mambo ya carte yake, na carte sasa inafanya muzuri, vifaranga vyake vya kwanza vimetoka. Alisema na furaha. Ile furaha ilinichoma na nilimuambia neno baya juu ya kuku zake na juu yake. Tangu pale anaingia kupitia mulango wa nyuma.

Plage nimeirudisha mu carton na mama yako ameiweka juu ya armoire ya nguo. Usitume ingine. Nilipata majuma tatu ya kufundisha tena, watu wengine hawapate ata hiyo.

Papa

*

Lubumbashi, 5/4/2023

Kwa Papa yangu,

Maman, nakusalimu. Najua barua hii inafika ku simu yako. Nakuomba usimusomee wewe, umupe Nathanaël asome kwa sauti, Papa akiwa pale. Kuna maneno yenye yeye tu atayajua. Waambie ni mimi nimesema, na kwamba kwa hili sisikilize mutu.

Papa, nimesoma picha ya barua yako nikaikuza mpaka kila herufi ilijaa ku écran ya simu. Mistari inapandana, ni kweli. Niliisoma yote.

Siamini kwamba plage imekufa. Chombo sawa kile, kikifa, mara mingi kinakufa chenyewe, ata taa haiwake. Naomba muitoshe juu ya armoire. Muichomeke. Papa, weka mukono: ukiiwasha, tusindano tunatetemeka mara moja kisha tunalala? Kama tunatetemeka, iko na uzima. Nathanaël aandike lsusb aone kama jina yake inatajwa. Ikitajwa, tundu iko muzuri, waya iko muzuri, kachipu kenye kanaongoza matundu kako muzuri. Basi itabaki kitu moja: hakuna mwenye anasema nayo. Ordinateur inajua kwamba iko pale, lakini programu yenye kugeuza maandishi kuwa tusindano haipo.

Sasa, Nathanaël. Usisimame hapa, endelea kusoma. Ile programu jina yake ni brltty, usijaribu kuitamka. Mimi niliiweka na mikono yangu. Haiwezi kuondoka peke yake. Wewe uliniambia kupitia Papa kwamba carte yako ilikuwa inapokelewa na kufukuzwa. Kisha siku moja ikakubali. Ni siku gani? Na uliandika nini ku mashini mbele ya ile?

Sikuulize ili kukugombeza, mudogo wangu. Nauliza juu ninafikiri najua, na kama ni yenye ninafikiri, inaweza kutengenezwa.

Nawapenda wote, ata mwenye anapitia mulango wa nyuma.
Yolande

*

Bukavu, Jumatatu ya Pasaka, 10 Aprili 2023

Yolande, mutoto wangu,

Pasaka njema kwenu watatu. Mwenye anaandika ni Nathanaël, mwenye anasema ni mimi. Nimemuambia aandike kila neno, ata yale yenye kumuhusu, na asitengeneze Kiswahili changu.

Alisoma barua yako ku meza, mama yako alikuwa anachambua maharagi pembeni. Alisoma muzuri mpaka pale uliandika "usisimame hapa". Alisimama. Akasoma tena, polepole, mpaka "haiwezi kuondoka peke yake". Kisha nilisikia kiti.

Nilifikiri anatoka. Hakutoka. Alisema: "Papa, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliiondoa. Sikujua ni ile. Ku internet waliandika kwamba kuna programu yenye kunyang'anya carte, na kwamba tuiondoe tu, haina kazi. Nilikopi mustari yao, nikabonyeza. Carte ikafanya kazi pale pale. Nilifurahi, sikufikiri zaidi."

Mama yako aliacha maharagi. (Papa, hapa niandike pia kwamba nililia? — Andika. — Nililia.)

Nilimuuliza kama ile ukurasa bado iko mu simu yake. Ilikuwepo. Nilimuomba anisomee, iko mu Kiingereza, ananitafsiria. Mutu mumoja anauliza sawa Nathanaël aliuliza: carte yangu inafukuzwa. Wa pili anamujibu: ondoa ile programu, ni ya vipofu, wewe huihitaji. Na chini yake watu wengi wanashukuru. Aksanti, imefanya. Aksanti, umeniokoa. Wengi, Yolande. Nilimuambia anisomee lile jibu tena, na tena. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nataka kuelewa. Wale watu wote wanashukuru, na hakuna ata mumoja mwenye aligeuka kuangalia kama mu nyumba yake kuna mutu.

Ata huyu mwenye kuandika, mwenye alikuwa ananisikia nikitembea chumba ya pili. (Hii pia niandike? — Andika.)

Basi. Plage tumeitosha. Tusindano tunatetemeka mara moja kisha tunalala, kama ulivyosema. Nathanaël aliandika lsusb, na jina yake inatajwa. Iko hai. Nilikaa na mukono juu yake muda mrefu, mama yako akasema ninaishika sawa kuku mugonjwa, na sisi wote tulicheka, ata yeye mwenye kuandika.

Nathanaël alitaka kurudisha programu palepale. Nilimuzuia. Amejaza mayai mengine mu couveuse, ya watu wa Kavumu wenye wamemuaminia, na joto inapanda kupita kiasi. Anapaswa kubadilisha programu ya carte juma hii. Akirudisha yangu, yake itafukuzwa tena. Alisema: "Papa, mayai basi." Nilimuambia hapana. Mimi sitafundisha na vidole vyangu juu ya mayai ya watu yenye imeoza. Nakuuliza wewe: hakuna namna ya sisi wawili kukaa mu mashini moja?

Papa yako
(na mudogo wako, mwenye anakuomba radhi)

*

Lubumbashi, 12/4/2023

Papa na Nathanaël,

Nawasalimu wote wawili na mikono mbili. Natumaini maharagi ya Pasaka ilikuwa tamu. Barua yenu niliipata ku kazi, nikaisoma mu ngazi juu sikutaka wenzangu wanione.

Namna iko. Sikieni.

Kila chombo cha USB kikiingia kinajitambulisha na namba mbili: ya wenye walitengeneza kachipu kake, na ya aina yake. Kale kachipu ka carte ya Nathanaël ni ka bei chini, kanawekwa mu vitu elfu. Na kuna mutengenezaji mumoja wa plage, mbali, mwenye alikatumia pia ndani ya plage yake. Hivyo programu ya breli iko na ile namba mu orodha yake. Carte ikiingia, programu inasoma namba, inasema "ni plage, ni ya kwangu", inaichukua mikononi mwa ile driver, kaprogramu kenye kuiongoza, yenye ilikuwa imeipokea, na carte inabaki haina wa kusema naye. Si ubaya. Ni kufananisha watu.

Plage ya Papa iko na namba ingine kabisa. Kwa hiyo hatuondoe programu. Tunaiambia tu iache namba moja.

Nathanaël, tumia internet ya simu yako, urudishe brltty. Kisha fungua file yenye nimekutumia jina yake, mu dossier ya rules, ile ya kanuni. Ni ndefu, usiogope. Tafuta 1a86, kisha pembeni yake 7523; ulinganishe na yenye lsusb inaandika kwa carte yako, herufi kwa herufi. Ku mwanzo wa ule mustari, weka alama ya #. Hufute kitu. Alama inamaanisha: ule mustari usisomwe. Hifadhi, zima mashini, iwashe. Siku moja mise à jour ya programu inaweza kurudisha ule mustari sawa ulikuwa. Carte ikifukuzwa tena utajua pa kuenda.

Naomba Papa akae pale wakati wote, na Nathanaël aseme kwa sauti kila kitu chenye anaandika, mbele ya kubonyeza. Ile ordinateur ni macho ya mutu.

Papa, mwaka uliopita ungelisema mayai ioze. Placide anakusalimu, anasema uko unageuka kuwa baba wa mufugaji.

Mutoto wako na dada yako,
Yolande

*

Bukavu, tarehe 23 Aprili 2023

Yolande, mutoto wangu mupenzi,

Asinge. Sisi wazima wote, na natumaini ninyi pia. Barua hii ninaiandika mimi, na vidole vyangu, na ninaisoma mwenyewe nikirudi nyuma. Nimeona kosa mbili tayari, nimeziacha ili uamini.

Tulifanya Jumamosi ya juma iliyopita, asubuhi. Nathanaël alisema kila kitu kwa sauti, sawa mupadri ku altare. "Papa, ninaandika s-u-d-o." Ku file ile alikaa muda mrefu akitafuta, akinisomea namba nyingi zenye hazina mwisho. Kisha: "Papa, iko hapa. Inafanana na yangu yote. Naweka alama?" Nilimuambia weka. Alizima mashini. Ilipowaka nilikuwa nimeweka mikono miwili juu ya plage.

Tusindano tulitetemeka. Tulilala. Nilifikiri, basi. Kisha tuliinuka, tukabaki juu, na nikasoma chini ya vidole: "bureau". Neno ya bure kabisa, jina ya ukurasa wa kwanza wa mashini. Niliisoma kwa sauti.

Nathanaël alichomeka carte yake. Alingoja. Akapiga kelele mpaka mama yako alitoka jikoni na mwiko mukononi akifikiri couveuse imeshika moto. Carte ilikuwa imekaa, plage ilikuwa imekaa, pamoja. Alibadilisha joto yake pale pale, mimi nikisoma somo yangu upande ingine wa meza.

Baadaye aliniuliza kama anaweza kugusa. Nilichukua kidole chake nikakiweka juu ya herufi ya kwanza ya jina yake. Alisema hasikie tofauti yoyote, ni mchanga tu. Nilimuambia mimi pia, miezi mitatu, ilikuwa mchanga tu. Aliacha kidole pale.

Nilirudi kwa préfet. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Alinikatisha: "Muzee, mimi niliwaambia wanafunzi kwamba uko mugonjwa na utarudi nyuma ya Pasaka. Ingia tu, umechelewa." Nimeingia. Nilipofungua ordinateur sauti moja ya nyuma ilisema, "Mwalimu, kuna mikono," na darasa yote ilikuwa imenyoosha mikono, wananiambia. Watoto wabaya.

Juma hii nilienda Miti na Nathanaël ku moto, pikipiki ya kulipa, mimi katikati ya dereva na yeye, sawa mutu wa miaka ishirini. Usimugombeze mama yako, hakujulishwa. Tulikaa ku kiti ya mbao mbele ya kibanda, akanielezea kazi yake tangu mwanzo. Sikukatisha. Anahesabu, anapima, anakosa, anaanza upya. Wanafunzi wangu wachache wanafanya hivyo. Nilimuambia.

Kitu moja nilikuwa nataka kukuuliza lakini tumeshaifanya. Ule ukurasa wa internet, pale wote wanashukuru. Nilitunga maneno mu Kifaransa, Nathanaël ameyageuza Kiingereza chake, na tumeyaweka pale chini, na jina yangu. Nimesema mimi ni mwalimu, niko Bukavu, sioni, na ninafundisha na ile programu yenye munasema haina kazi. Mutoto wangu alifuata shauri yenu na nikapoteza darasa. Musiiondoe. Wekeni alama ku mustari moja, hivi na hivi. Na mbele ya kuweka, muulize nani mwingine anatumia ile mashini. Ni hivyo tu. Sijui kama kuna mwenye atasoma mpaka chini.

Umubusu Olive ku mashavu yote mbili.
Papa yako

*

Lubumbashi, 18/6/2023

Papa yangu,

Muko aje wote? Sisi muzuri. Olive anasimama, anashika kiti, anaanguka, anasimama. Nimesikia kutoka kwa Maman kwamba préfet amekupa madarasa mawili kwa mwaka wenye kuja, na kwamba wewe ulitaka kuniandikia mwenyewe lakini Nathanaël anakaa ku mashini siku nzima juu ya oda za Kavumu. Nimefurahi kwa yote, ata kwa kungoja.

Leo nimetafuta ule ukurasa. Nilikuwa sijauangalia tangu uliniambia. Niliogopa kukuta wamekucheka. Papa, maneno yako bado iko pale. Kiingereza cha Nathanaël kina matatizo yake lakini kinaeleweka. Na kuna mutu amekujibu, juma iliyopita. Nadhani hamujaona, kwa hiyo ninakugeuzia neno kwa neno, bila kuongeza:

"Bwana mwalimu, nilikuwa nimeshakopi ule mustari wa kuondoa. Kidole kilikuwa juu ya kibonyezo. Nikashuka chini kuangalia kama kuna jibu lingine. Mama yangu anakaa nasi tangu amepoteza macho, na ordinateur hii anaitumia asubuhi nikiwa ku kazi. Nilikuwa sijui anatumia programu gani. Nimeenda kumuuliza. Ni ile. Nimeweka alama kama ulivyosema, na yote mbili inafanya. Nimemusomea barua yako. Alikuwa mwalimu pia, wa kemia. Ananiomba nikuulize: wewe darasani unafanya aje mwanafunzi akinyoosha mukono?"

Nilimuita Placide, Papa, nikamusomea.

Sikumujibu. Ile jibu ni yako, si yangu. Chini ya jina yake ameongeza kwamba mama yake anasoma Kifaransa.

Mutoto wako,
Yolande